Robo Saa ya Mumbai

Siku ya mwisho ya kuomba mtihani wa utumishi wa umma, Pramila alimpigia simu mdogo wake Sunaina kutoka Dolpa, roho juu. Mtandao wa huko milimani ulikuwa unajikokota, na maombi yanafungwa saa kumi na moja jioni. Pramila alikuwa na miaka thelathini na tisa. Ukifika arobaini, serikali haikutaki tena. Ujana wote aliumalizia kulea watoto na kuuguza wakwe, na nafasi yenyewe ilikuwa hii tu.

"Saa ya ukutani inasema zimebaki dakika tano," alisema.

Sunaina alicheka. Yeye ndiye aliyeiandika programu ya kupokea maombi hayo, ofisini kwao Kathmandu, na kwenye kioo cha kompyuta yake zilionekana zimebaki dakika ishirini.

"Achana na saa ya ukutani, Didi, dada yangu. Hapa inahesabu mashine. Jaza taratibu, usije ukakosea jina la baba."

Basi Pramila, masikini, akajaza taratibu, akarudia kusoma kila mstari. Ombi lake likapokelewa. Jioni ile aligawa peremende kwa majirani.

Kesho yake meneja alikuja amenuna. Watu wamelalamika kwamba maombi yalichelewa kufungwa. Sunaina akafungua programu, akauona upuuzi wake mwenyewe. Aliiagiza mashine itaje saa ya sasa, basi, bila kuiambia saa ya wapi. Na mashine yenyewe walikuwa wameikodi Mumbai, na saa za India ziko nyuma ya zetu kwa robo saa. Mnepali gani asiyejua hilo? Tangu shule ya msingi tunairingia hiyo robo saa yetu!

Amri ikawa moja: wote walioingia baada ya saa kumi na moja ya Nepal wafutwe. Sunaina akaeleza, akabembeleza, akalia. Meneja akasema akimwacha dada yake itabidi awaache wote, na wakubwa wamekataa.

Akampigia Pramila kabla ya kufuta, akamweleza yote. Pramila akauliza kwa upole, kama anayekumbusha jambo dogo:

"Lakini si wewe ndiye uliyeitengeneza, mdogo wangu? Utashindwaje kuniacha humo?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anangoja. Sunaina akasema atapiga tena baadaye, akakata simu, akafuta.