Mfuko wa Sajenti Kabiru

Mume wangu Siraji anauza magodoro mjini Koboko, na mwaka huu, akiwa na kitambi chake na miwani yake ya kusomea, aliamua kwamba atatoka ndani ya ndege kabla haijatua.

Simlaumu yeye peke yake. Namlaumu pia Agnes Keji, binti wa hapo hapo Koboko, aliyekwenda kufanya kazi ya hoteli pwani ya Kenya akarudi na cheti cha kufundisha watu kuruka kwa parashuti. Alikodi uwanja wa nyasi kule Dadamu, nje kidogo ya Arua, akasimamisha turubai, akatandika mkeka mrefu wa kukunjia parashuti. Kila Jumamosi ndege ndogo iliyong'olewa mlango ilipanda na watu wenye akili zao, ikarudi bila wao. Siraji alikwenda kutazama mara moja tu. Jioni hiyo alikuwa ananieleza habari za upepo.

Siwezi kumsingizia, alijifunza vizuri. Kwanza aliruka amefungwa kifuani kwa Agnes, mwanamume mzima mwenye duka, halafu akaruka na walimu wakimshika huku na huku. Mwishowe akaambiwa yuko tayari kuruka peke yake, achague vifaa. Balaa likaanzia hapo.

Agnes alimtolea parashuti ya kukodi. Ilikuwa pana, na rangi yake ilikuwa ya waridi.

"Kwa uzito yako, bwana Siraji, hii ndio inafaa," alimwambia. "Kubwa inashuka pole pole. Ndani iko ingine ya akiba. Tena iko kidude inafungua yenyewe, kama wewe umezimia huko juu."

Siraji aliitazama kama mtu aliyepewa gauni avae.

"Mimi iko na yangu," akasema. "Ya baba."

Marehemu baba mkwe, Sajenti Kabiru, alikuwa askari wa kuruka kwa parashuti enzi za utawala wa kijeshi, na alichowaachia wanawe ni mfuko wake wa mgongoni wa kubebea parashuti. Unaning'inia sebuleni juu ya televisheni. Kukiwa na harusi au msiba, wanaume huupeleka uani, wakauketisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na kila mwanamume anayepita huupigia saluti. Hata Sulaiti, mdogo wa marehemu, ambaye jeshini hakuwahi kuvuka jiko, huupigia saluti mpaka mkono unatetemeka. Hakuna anayeufungua. Ni sheria ya jeshi, wanasema: mfuko wa askari aliyekufa haufunguliwi. Mimi ni mtoto wa Arua, nimekulia kati ya wanajeshi na wajane wa wanajeshi, na sheria hiyo sijawahi kuisikia nje ya nyumba hii. Aliyeitunga ni mama mkwe wangu, Hajara.

Aliitunga kwa sababu ndani ya mfuko hamna parashuti. Kila mwanamke wa nyumba hii anajua. Siku ya nikaha yangu Hajara aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akanifunga kiunoni kitambaa cheupe, chepesi, cha kuteleza, chini ya gurbaba yangu, lile vazi letu la kujifunga. "Hii ndio baba yenu amewaachia," akaninong'oneza. "Wanaume hawajui. Wasijue." Hivyo ndivyo alivyomfanyia kila bibi harusi. Na kila alipokata kipande alisokomeza kitu kingine mfukoni, ili uzito usipungue.

Huo ndio mfuko ambao mume wangu alitaka kuuvaa mgongoni akajitupa nao.

Nilimwambia mfuko umezeeka. Akasema vitu vya jeshi havizeeki. Nikalia, akaninunulia soda. Basi nikapanda gari mpaka Dadamu, nikamvuta Agnes nyuma ya turubai, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Shakira, hatakufa na hiyo," alisema akijifuta machozi. "Hapa hakuna kitu inapanda ndege kama mimi sijafungua na kuangalia kila kamba."

"Hiyo kufungua ndio naogopa."

Na kweli niliogopa. Hajara ni mwanamke anayesalimiwa kwa heshima sokoni na msikitini. Mfuko ule ukifunguliwa mbele ya mashemeji zangu, jina lake lingekuwa mwizi, na uzee wake wote ungeliwa na neno hilo. Tukakubaliana na Agnes: ataufungua peke yake, atasema nondo wamekula kila kitu, ataufunga tena, na Siraji atapanda na ya waridi.

Mpango ulikuwa mzuri, Siraji akauharibu. Aliwaalika wanaume wote wa ukoo waje washuhudie. Walitoka Koboko kwa pikapu ya kukodi. Mfuko umekaa mbele na dereva, umefungwa mkanda, na mzee Sulaiti nyuma kwenye vumbi. Hajara alikuja pia, na mkoba wake na tasbihi, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mkeka.

"Mama," nilimnong'oneza, "tuseme unaumwa, turudi nyumbani."

"Nimeumwa na hiyo mfuko tangu zamani," akasema. "Wacha."

Wanaume walijipanga mstari. Agnes alinitazama, akainua mabega. Hakuwa na la kufanya: ukaguzi ni lazima, na Siraji alikuwa amesema sheria au si sheria, mfuko wa baba utafunguliwa na mwanawe. Siraji akapiga saluti, akapiga magoti, akavuta kamba.

Likatoka blanketi la kijivu la wakimbizi. Kikatoka chandarua cha kugawiwa bure. Ikatoka gurbaba kuukuu, na mafungu ya nyasi za kusukia vikapu, na mto mdogo niliokuwa nimeutafuta tangu nilipomwachisha Shakira ziwa. Mwisho kabisa kikatoka kipande cha godoro. Siraji alikigeuza, akasoma chapa. Kilikuwa cha duka lake mwenyewe.

Mzee Sulaiti bado alikuwa na mkono kwenye paji la uso, hajui sasa aushushe saa ngapi.

"Mwizi!" akapaza sauti mwishowe. "Nani ameiba parashuti ya ndugu yangu?"

"Mimi," akasema Hajara.

Hakusimama. Alizungumza na Siraji tu, kana kwamba wengine walikuwa wameshaondoka.

"Lakini mutu alikata kwanza ni baba yako mwenyewe, na kisu yake ya jeshi. Serikali ilianguka, tunakimbia, iko njia ya Kaya, kule mpakani. Medina, dada yako, alikuwa ndio ameanza kutembea. Homa ilimumaliza njiani. Hakuna nguo nyeupe ya kumuzika. Kabiru akafungua mfuko, akakata, tukamufunga mutoto, tukazika. Kesho yake wewe ukazaliwa. Ya pili nilikata mimi. Ilikuwa mbeleko yako. Na hiyo ndio ulivuka mpaka. Ingine nimewapa bibi zenu siku ya harusi, moja moja, mpaka iliisha. Ama mulitaka ikae ioze, ndio ninyi mupate ya kupigia saluti?"

Nililia, sifichi. Miaka yote nimeishi na mwanamke huyu, nimepika naye, nimegombana naye, na habari ya Medina sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimedhani tunatunza siri ya vitambaa vya harusi.

"Haikubaki hata kidogo?" Siraji aliuliza.

Hajara aligusa mkoba wake. "Imebaki kidogo. Hiyo iko ya mimi. Sanda yangu. Nikisafiri, natembea nayo."

Siraji aliokota vitu vyote mkekani, akavirudisha mfukoni kimoja kimoja, hata kile kipande cha godoro, akafunga kamba, akauweka mfuko juu ya magoti ya mama yake. Kisha akamwendea Agnes.

"Mwalimu, nipe ile ya waridi."

Agnes alimvika. Alikaza mikanda ya mapaja mpaka mume wangu akaguna, akamfunga saa ya kupimia kimo mkononi, akamvisha kofia ngumu yenye redio sikioni.

"Sikia tena," akamwambia. "Mikono mbili kwa hizi kamba za breki mpaka miguu iguse chini. Mbili. Usishike kofia, usipungie mutu mkono. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ndege ikapanda ikawa ndogo. Nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazichanganya. Kikaonekana kitone, kitone kikaanguka, moyo wangu ukaanguka nacho, halafu rangi ya waridi ikafunguka juu ya Dadamu nzima. Wanaume walishangilia. Mzee Sulaiti alikuwa tayari ameanza kuwaeleza watu kwamba siku hizi majeshi makubwa yote yanatumia rangi ya waridi.

Alishuka vizuri. Agnes alikuwa anamwongoza kwa redio, "Kushoto kidogo, vizuri, vizuri, ngoja," na Siraji akaja juu yetu, chini sana, nikamwona mpaka soli za viatu. Aligeuza kichwa. Alimwona mama yake kwenye kiti cha plastiki, mfuko magotini.

Akaachia breki ya kulia, akapiga saluti.

Parashuti haijui heshima. Inajua tu mkono uliobaki kuvuta. Ikageuka kushoto kwa ghafla, ikampitisha pembeni ya mkeka na pembeni ya mstari wa wajomba na mashemeji, ikamtupa kwenye shamba la jirani.

"Muhogo yangu!" Driciru, mwenye shamba, alipiga kelele akija na jembe.

Nilipofika, Siraji alikuwa amekaa kati ya mashina yaliyovunjika, kifundo cha mguu kinavimba, uso umejaa tabasamu la kijinga. Agnes alikuwa anaita mtu alete sanduku la dawa kutoka kwenye turubai, huku anamtukana kwa Kikakwa. Hajara hakungoja sanduku. Sijui alikimbiaje na magoti yale. Aliokota vipande viwili vya shina la muhogo, akaviweka pande mbili za mguu, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe.

"Mama, hiyo ni sanda yako!" nikasema.

"Nyoosha mguu," akamwambia mwanawe, akaanza kufunga.

Mpaka leo wanaume wanabishana Siraji alimpigia nani saluti. Mzee Sulaiti anashikilia kwamba ni mfuko, na mfuko umerudi juu ya televisheni na godoro lake tumboni, na wajomba bado wanaupa heshima zake. Siraji habishani nao. Mguu ulipopona alikifua kile kitambaa kwa mkono wake, mwanamume ambaye hajawahi kufua hata leso, akakipiga pasi, akampelekea mama yake.

"Imechanika kidogo, mama," akasema. "Imekuwa fupi."

Hajara alikikunja, akakirudisha kwenye mkoba.

"Mimi pia nimekuwa mfupi," akasema. "Itatosha."