Vijeneza vya Akiba

Fundi seremala alikuwa akipiga randa pale bwana afya alipoingia na karatasi zake, bashasha tele usoni.

“Fundi, tujipongeze! Watoto wanaokufa siku hizi hawafiki hata robo ya wale wa enzi za baba yako.”

Fundi hakubisha. Msimu wa surua, marehemu baba yake alikuwa akipigilia vijeneza vitano kwa siku, mpaka mbao zinamwishia.

“Sasa, hivi vijeneza vitatu ukutani ni vya nani?” bwana afya akauliza.

“Bado sijui.”

“Hujui vipi?”

Fundi akaibwaga randa mezani. “Mtoto wa mlimani akifa, watu hupigwa na butwaa, kisha huniletea kipimo, nami naanza kazi. Vya bondeni naviweka tayari. Mvua ikinyesha, vyoo vikifurika, wiki haiishi watakuja kuvichukua. Hiyo robo yako karibu yote inatoka kule!”

Bwana afya akakohoa. “Na wewe unakaa wapi?”

Mke wa fundi, mimba ya miezi minane, alikuwa akifagia maranda chini ya vile vijeneza, uso kaugeuzia mlangoni. Nje, mawingu yalikuwa yametanda bondeni kwao.