Upande wa Kulia wa Benchi

Darasa letu ni kitinda mimba. Mfumo wa zamani wa masomo unafungwa kama duka lililofilisika, na sisi ndio wateja wa mwisho kutolewa nje. Mwaka jana nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nikatumwa maji, nikatumwa mandazi, nikavumilia kwa kuwa nilijua zamu yangu ya kutuma inakuja. Mwaka huu nimekuwa Kidato cha Pili, hakuna aliyeingia nyuma yetu, na bado natumwa mimi. Kama kuna haki duniani, haijafika Isiolo.

Wenzangu waliona ni jambo la kuchekesha. Mimi liliniuma kwa sababu ya kinanda.

Shule yetu na kanisa viko katika ua mmoja, na kinanda ni kimoja, cha kanisa. Jumapili hupigwa ibadani, halafu Jumatatu na Ijumaa hubebwa kuvuka ua hadi paredi. Anayekipiga ni mwanafunzi, na huwa hakai peke yake. Hukaa kwenye benchi la mbao na mgeni aliyemchagua kutoka Kidato cha Kwanza, mkubwa kulia, mdogo kushoto. Mkubwa hupiga sauti za juu, zile zinazobeba wimbo wenyewe. Mdogo hupiga za chini, zinazounguruma. Mkubwa akimaliza shule, mdogo anahamia kulia na kumkaribisha mgeni mwingine upande wa kushoto. Sijui nani alianzisha desturi hiyo, lakini nimeikuta na imeniweka mahali.

Mkubwa wangu alikuwa Velma. Mwaka jana, alipokuwa Kidato cha Tatu, alipita mbele ya mstari wetu wa wageni akasimama kwangu.

"Wewe unaitwa nani?"

"Kathure."

"Onyesha vidole."

Nikaonyesha.

"Ni virefu. Kuja."

Ni hayo tu. Kwa miaka miwili nimekaa kushoto kwake, bega kwa bega, hadi nikawa najua kwa pumzi yake ni lini tunaanza. Mkono wangu wa kushoto umekuwa hodari, naweza kupiga nao huku nafikiria chakula. Wa kulia kazi yake ilikuwa kufungua kurasa za kitabu cha nyimbo.

Sikuwa na rafiki mwingine wa aina hiyo. Darasani nakaa na Hawo, na tunapendana, lakini Hawo ni Mwislamu, hajawahi kunisikia nikipiga Jumapili, na siku ya kufunga shule alisafiri kwenda kwao Sericho ambako simu hushika mtandao ikitaka yenyewe. Wengine wananijua kama kinanda. Wakati wa sherehe wao hucheza, mimi nawapigia. Wakipiga picha, mimi ndiye kiwiko kinachoonekana pembeni.

Mwezi wa Oktoba kulikuwa na siku ya maombi ya watahiniwa wa Kidato cha Nne. Tulikuwa katikati ya wimbo wakati mchungaji alipowaita mbele ili waombewe. Velma akainuka. Hakuniambia kitu, aliinuka tu akaenda kupiga magoti na wenzake, na wimbo ukabaki mguu mmoja. Nikaendelea kunguruma peke yangu hadi mwisho. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia, maana wa kulia ulikuwa umeshika kitabu.

Baadaye Velma alinifuata nyuma ya madarasa. "Wacha kulia," akasema. "Disemba nikishamaliza mtihani nitakufundisha upande wa kulia. Si Januari Gredi ya Kumi wanakuja? Lazima ukuwe tayari kupokea mtu."

Hilo ndilo nililolishika. Januari tutapata wageni hatimaye, wanafunzi wa mfumo mpya, na mmoja wao atakaa kando yangu. Lakini siwezi kumkaribisha mtu kushoto kama mimi mwenyewe bado nimekaa huko. Nilimhitaji Velma anihamishe. Na nitasema ukweli, hata kama asingenifundisha chochote nilitaka tu akae pale tena kabla mwaka haujaisha.

Mtihani ukaisha. Velma alikuwa kwao Ngaremara, anamsaidia mama yake kwenye hoteli iliyo kando ya barabara kuu, ile wanayosimama madereva wa malori ya Moyale. Kila Jumamosi kanisa likifunguliwa kufagiliwa, mimi nilikuwa pale nikingoja. Nilimtumia ujumbe. Akajibu, "Wiki ijayo, aki." Nikatuma mwingine. "Hoteli imejaa watu, Kathure." Wa tatu aliusoma akanyamaza. Watu husema ahadi ni deni. Sasa naelewa, kwa sababu mwenye deni akikuona hukata kona.

Nilijaribu peke yangu. Upepo wa Isiolo hauna adabu, unaingiza vumbi hata mahali pa Mungu, kwa hiyo kwanza nilikuwa nafuta kinanda kwa leso. Kisha nilikaa mahali pangu, kushoto, nikaunyoosha mkono wa kulia kuvuka nafasi ya Velma. Mkono huo ukipiga peke yake uliupata wimbo, polepole, kama mtu anayetafuta choo gizani. Nikiongeza wa kushoto, wa kulia uliuacha wimbo ukamfuata mwenzake. Mkono mmoja haulei mwana, ndiyo, lakini yangu miwili ilikuwa inamwangusha.

"Si umwambie mchungaji hujui kupiga ule upande wa kulia?" Mama aliniuliza. Mama huuza nafaka sokoni na hapendi mambo yanayozunguka.

"Najua. Nangoja mtu."

Akanitazama, akaendelea kuchambua maharagwe.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa. Wale wa Nairobi walikuwa wamekuja, wale wa Meru walikuwa wamekuja, watoto walivaa viatu vipya vinavyowabana. Nilikaa kushoto nikaacha nafasi ya kulia wazi. Mchungaji alikuwa anakaribisha wageni wakati Velma alipoingia, nywele zimesukwa upya, gauni la manjano. Nilifurahi hata nikaona aibu. Aliniona. Akanipungia mkono. Kisha akapita, akaketi katikati ya wasichana wa safu ya tano na kufungua kitabu chake.

Nilimngoja. Mchungaji alitaja wimbo, akanigeukia, akautaja tena. Velma alikuwa anatazama chini.

Nikaanza kwa mkono wa kushoto peke yake, na kanisa zima likaimba. Waliimba beti zote. Waliimba kwa nguvu, wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Hakuna aliyegundua kwamba nusu ya kinanda haipo. Wimbo walikuwa nao wenyewe mdomoni, walihitaji kungurumiwa tu. Sijawahi kuwa katikati ya watu wengi hivyo na kujisikia mpweke hivyo. Ningeondoka nikaacha gunia la mahindi kwenye benchi, wangeendelea tu.

Baada ya ibada nilimkuta kando ya tangi la maji.

"Umepiga fiti," akasema.

"Nimepiga kushoto tu."

"Nimesikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Si kwa ukweli. "Sasa mbona hukukuja?"

Alishika mkufu wake, akauzungusha. "Ningekuja nifanye nini? Mimi sijui kufundisha hiyo kitu, Kathure. Unadhani mimi nilifundishwa na nani? Yule mkubwa wangu alimaliza akaenda, hata kwaheri sikupata. Nikabaki hapo kushoto, watu wanaimba tu, hakuna mtu anajua. Siku moja nikasogea. Nilipiga vibaya mpaka kwaya ikanichukia."

"Kwa hivyo hakuna mtu hufundishwa kulia?"

"Sijawahi kusikia."

"Basi uliniahidi ya nini?"

"Ulikuwa unalia," akasema. "Ningekuambia nini? Nilidhani nikikaa nifikirie nitajua pa kuanzia. Halafu ukawa unanitumia meseji, na mimi bado sijui. Nikaona haya."

Msichana mmoja wa safu ya tano akamwita. Januari anakwenda Nakuru kwa shangazi yake mwenye saluni, aliniambia kwa haraka, vidole vyake sasa ni vya kusuka. Akanikumbatia. Alinukia mafuta mapya ya nywele. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilikuwa namkosa hata kabla hajaniachilia.

Siku zilizofuata sikwenda kanisani. Nilikaa dukani na Mama nikapima mchele na kuwaza. Nilimfikiria Velma wa miaka hiyo, amekaa kushoto peke yake, anasubiri mtu amwambie asogee. Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyezaliwa upande wa kulia.

Leo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwaka. Wageni walikuwa wamerudi makwao na kanisa lilikuwa nusu. Nilipofika kwenye benchi nilipita mahali pangu, nikaketi kulia. Mbao za upande huo zimelainika kuliko za kwangu. Kitabu nikakikabidhi mkono wa kushoto, nao ulikishika vibaya kwa sababu haujazoea kazi ndogo.

Nilikosea mwanzo. Nikakosea tena kabla ya kiitikio, na safari hii kosa lilikuwa juu, mahali wimbo wenyewe unapokaa, kwa hiyo lilimvuta kila mtu. Mzee wa kanisa akageuka. Kwaya nzima ikageuka. Msichana mmoja akacheka ndani ya mkono. Mwaka mzima hakuna aliyenitazama, na leo walinitazama wote, na masikio yangu yaliwaka kama niliyepigwa kofi. Sikuondoka. Kufikia ubeti wa tatu wimbo ulikuwa umekubali kutembea nami, unachechemea, lakini unatembea.

Atakapokuja huyo mtu wa Januari, sitamwahidi kumfundisha kulia. Nitamwambia mapema kwamba ipo siku atageuka akute siko, na atalazimika kusogea, na atapiga vibaya. Kwa sasa nitamwomba anionyeshe vidole.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, upepo unatupiga mgongoni. Tulipofika sokoni Mama akanigeukia.

"Leo ilikuwa mbaya," akasema.

"Najua, Mama."

"Na mbona ulijikunyata pale mwisho wa benchi? Si ungekaa katikati? Lote lilikuwa lako."

"Ule upande mwingine una mwenyewe," nikamwambia. "Bado hajafika."