Kamera ya Kufumba Jicho Moja

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha, na kila akipiga alifumba jicho la kushoto, mdomo ukapanda upande mmoja kama mtu aliyeonja ndimu. Kwa uso ule alinipata. Ameniachia makasha mawili ya picha za maharusi wa watu, na yake moja tu, ya kitambulisho, macho yote mawili yamemtoka kama aliyekutwa jikoni akidokoa nyama. Huyo simjui.

Miaka kumi na sita sijauona uso ule, ila kwa kuuiba. Mjukuu wangu, ambaye babu yake alimwacha hajaanza hata kutambaa, akinitungia uzi kwenye sindano hufumba jicho lile lile na mdomo hupanda vile vile. Basi mimi hushona. Nina magauni ambayo vifungo vyake vimeshonwa mara tatu, na bado navikata nikidai vimelegea.

Kwa hiyo aliposema anataka kamera yake ya kwanza, ya dijitali, apige picha mechi za mpira wa wasichana, nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajamaliza kusema.

Dukani, muuzaji, baba wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa kwenye kipara, aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akanisahau. Akamweleza mjukuu wangu kwamba anayeanza asibabaishwe na wingi wa vitufe. Achague inayokaa vyema mkononi, tena ambayo lenzi yake inabadilishika, ili akikomaa kazini asilazimike kuitupa. Akaweka mbili juu ya meza. Moja ndogo, nyepesi, picha unaitazama kwenye kioo cha nyuma kama simu. Ya pili nene kidogo, ina kitundu cha kuchungulia.

Mjukuu wangu akaikumbatia ile ndogo.

Moyo ukanishuka hadi kwenye viatu nilivyokimbilia kuvaa. Kamera unayoishika mbali na uso, jicho litafumbwa la nini?

Nikasema ile ndogo naiona dhaifu. Muuzaji akasema ni imara. Nikasema rangi yake inachosha, akatoa nyekundu. Nikajua huyu ni mtu wa hatari. Mjukuu akaniinamia sikioni.

"Mke mwenza, kamera ni yangu au yako?"

"Yako. Mimi nimekuja kushika mkoba tu. Ila mpira unachezwa juani, na simu yangu juani sioni hata nani kanipigia."

Nilisema vile kwa kutapatapa tu, lakini muuzaji akakiri kwamba bibi ana hoja. Akatutoa mlangoni tukazijaribu. Jua lilikuwa la saa saba. Mjukuu akainua ile ndogo, akaipindua huku na huku, akakikinga kioo kwa kiganja. Alichokiona humo ni pua yake mwenyewe. Akaipokea ya pili, akaileta usoni, akanigeukia.

Jicho la kushoto likafumbwa. Mdomo ukapanda.

Nikaushika mlango. Alikuwa pale mume wangu, amevaa hereni na suruali ya jinzi, ananitazama mimi.

"Tayari," mjukuu akasema, akaishusha kamera, na uso ukawa wake tena.

"Nilifumba macho," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia. Nikasema nimetikisika. Akarudia. Nikasingizia nzi. Muuzaji akauliza kama tumeamua, mjukuu akamwambia ndiyo, ni hii hii, naye akaingia ndani kuandika risiti. Tukabaki wawili pale mlangoni. Mjukuu akaanza kuzipitia picha moja baada ya nyingine, uso umemkunjamana.

"Bibi, mbona zote umekodoa? Hata kope haijashuka."

"Hiyo kamera inanionea," nikasema. "Hebu jaribu tena, mama. Na usifanye haraka."