Koti la Marehemu Gregori

Bernadeta alishasema: matanga ya mumewe hayaishi mpaka mtu amweleze jinsi Gregori alivyokufa. Kiwanda cha nguo kilichompeleka China kujifunza mashine kilirudisha jeneza na maneno machache: alilewa, akateleza kwenye ngazi za mawe, akazama mferejini. Alilewa! Gregori, aliyeacha pombe siku ya ndoa, hata togwa alikuwa akiinusa kwanza! Lakini Temeke nzima ilikwisha kuimeza habari hiyo, na mama mkwe wake alijifungia ndani kwa aibu. Halafu kulikuwa na vile vidole. Jeneza lilipofunguliwa, Bernadeta alimshika mumewe mkono wa kulia akakuta vidole vyote vimevunjika. Kuteleza gani huko? Aliuliza kila mtu, akarudishiwa lile lile: alilewa.

Siku ya kumaliza matanga, mtani akafika. Huyu alikuwa Leonardi, Mmakonde, mchonga vinyago aliyeajiriwa kiwandani akaenda China pamoja na marehemu. Gregori alikuwa Mmakua, na msiba wa Mmakua bila mtani wa Kimakonde haujatimia. Mtani humwigiza marehemu, huwatukana wafiwa, huchukua anachotaka, na ole wake atakayenuna.

"Nyie mnalia nini?" Leonardi alifoka akiingia uani, mnazi ukimnuka. "Mchawi wenu kafa, pigeni vigelegele!"

Watu wakaangua kicheko. Akalichukua koti la Gregori lililorudi na jeneza, koti nene lililoshindiliwa pamba, akalivaa kwenye jua lile la Temeke. Akatembea kama Gregori, miguu nje nje, akijivuta pua. Loo! Ni yeye mtupu! Hata Bernadeta alicheka, machozi yakimtoka.

"Tufanyie na China!" mtu akapaza sauti.

"China?" Leonardi akapanda juu ya mkeka. "Jumapili wametupeleka kutembea mji wa kale. Nyumba zimekaa majini, mtaa ni mfereji, sokoni unakwenda kwa mtumbwi. Madaraja ya mawe yana nundu kama ng'ombe. Mmakua kaachama! Ananiambia, 'Nyie Wamakonde mngepewa mji huu, hata kuoga mngejua.' Mie huyo!"

Akasukuma hewa kwa mikono miwili. "Chubwi!"

Watu hoi kwa kicheko. Leonardi akajitupa chini, akawa Gregori, akitapatapa, mkono umeng'ang'ania mdomo wa kinu kilichokuwa pale uani kana kwamba ni ngazi ya mfereji. Akaruka, akawa Leonardi, akanyakua mchi. "Hutoki, Mmakua! Hutoki mpaka uniite bwana!" Akagonga mdomo wa kinu: ko! ko! ko! Akashuka tena, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Gregori kabisa: "Mkono, Leonardi! Koti linanivuta!"

Hapo akaukatiza mchezo. Macho yalimtoka kama mtu aliyezinduka usingizini, na mchi ukamdondoka.

Bernadeta aliutazama mchi, akautazama mdomo wa kinu, palepale mkono ulipokuwa umeshika. Kumbe! Ruvuma, walikokulia wote wawili, watoto husukumana mtoni kutwa nzima, wakagongana vijiti vidoleni, na jioni wanakula sahani moja. Maji ya Ruvuma ni ya uvuguvugu. Nani kule alijua kwamba kuna maji ya baridi yanayobana kifua, na koti la pamba likishakunywa maji halimwachi mtu?

Alimrukia. Kofi la kwanza lilimpeleka Leonardi kwenye majivu ya jiko, goti likampasua mdomo, kisha akamkamata ukosi wa lile koti akampigiza kichwa kwenye kiambaza, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikatapakaa juu ya chokaa. Wanaume walipomvuta aliwang'ata.

"Mama, huyo mtani!" alipiga kelele balozi wa nyumba kumi, Mzee Jamali. "Mtani hapigwi!"

"Alikuwa amelewa?" Bernadeta alimuuliza Leonardi, kamkaba koo. "Sema, balozi asikie!"

"Hakulewa, shemeji." Leonardi alitema jino. "Kwamba alilewa, ni mie niliyesema. Waliponiuliza niliogopa. Nilidhani ananitania. Haki ya Mungu, nilidhani ananitania."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mama mkwe akatoka, akakaa mkekani katikati ya watu, kichwa wazi. "Rudia," akasema. "Masikio yangu mazito."

"Hakulewa, mama."

Bernadeta alimvua Leonardi koti, akaliweka mapajani mwa mama mkwe. Kisha akaokota mchi. Hasira ilikuwa bado imemjaa.

"Mtani huchukua anachotaka msibani, au siyo? Na mie, mke wa Mmakua, ni mtani wako. Weka mkono."

Kila aliyekuwepo aliujua mkono ule. Sanamu ya Bikira pale kanisani uliichonga wenyewe. Leonardi alijikokota kwa magoti, akaulaza mkono wa kulia kwenye mdomo wa kinu.

Mchi ukashuka. Leonardi alilia kwa sauti ya mnyama, lakini mkono hakuuondoa. Bernadeta akasita, akapumua, akataka kuutupa mchi.

"Bado, shemeji," Leonardi akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Vidole vyake vilivunjika vyote."

Bernadeta akaunyanyua mchi tena.