Asante ya Bi Loretta

Ijumaa asubuhi Loretta Akers alikuwa amepiga magoti mbele ya kibanda cha wasafiri, mlimani Virginia, akichokoa karatasi za foili kwenye majivu. Watu wanaotembea njia ile ndefu, toka Georgia mpaka Maine, huamini kabisa kwamba karatasi za kufungia chakula zinaungua. Haziungui. Pembeni walikuwa wameacha siagi ya karanga, nusu chupa, kwa ajili ya atakayehitaji. Loretta alikuwa mkazi wa bondeni aliyejitolea kutunza kipande hicho cha njia, na miaka yote hiyo hajamwona huyo atakayehitaji.

Kilichomshughulisha zaidi siku hiyo ni kijana aliyeitwa Soksi Moja. Jina alipewa na wenzake njiani, kama ilivyo desturi yao, naye akalipenda hata akalichonga kwa kisu kwenye ukuta wa kibanda. Tangu hapo kila asubuhi aliondoka kwenda kaskazini, na kila jioni njia ilimrudisha palepale. Ndivyo ulivyo ukuta ule: mwenye jina haondoki mpaka jina liondoke. Wino hutoka kwa sabuni, ila kisu kinataka msasa na subira. Wanaongoja majina yao yafutwe, Loretta huwagawia magunia wakaokote taka, na kusema kweli kipande chake ni kisafi kupita vyote.

Safari hii subira hakuwa nayo. Kesho yake dada yake Oleta alikuwa anatimiza miaka themanini. Sherehe mbili Loretta alishazikosa kwa ajili ya majina ya watu, na Oleta alimwambia wazi kwamba akiikosa na hii, hata mazishini asijisumbue kuja. Loretta alimpenda sana dada yake, na alimwogopa.

"Kwani karatasi ulikosa?" alimwuliza kijana huku akisugua.

"Nilitaka watu wajue nilipita hapa, Bi Loretta."

"Hujapita bado, mwanangu. Ndiyo shida yako hiyo."

Soksi Moja alicheka mpaka akakaa chini, kisha akashika msasa wa pili. Alasiri herufi ya mwisho ikawa vumbi. Kijana akamkumbatia mama wa watu nusura ambebe, akasema hajui amshukuru vipi. Loretta akamjibu achukue ile siagi ya karanga, inatosha. Akajitwika gunia lake, akashuka akiimba, keki ya nazi ya Oleta ikiwa tayari mdomoni.

Akavuka kijito, akapita uzio wa ng'ombe, akaliona paa la nyumba yake. Alipokata kona ya mwisho, akakuta kibanda.

Alitua gunia, akaingia. Ukutani, pale alipopalainisha mwenyewe, palikuwa pamechongwa herufi kubwa za kwenda ndani: ASANTE BI LORETTA. Chini yake moyo. Chini ya moyo, siagi ya karanga, nusu chupa.

"Mjinga wa watu," akasema Loretta, akaanza kucheka.

Msichana mmoja aliyekuwa akichemsha tambi aliinua kichwa.

"Bi Loretta ni wewe? Mbona wanakupenda hivyo?"

"Wananipenda mno," alikubali Loretta. Akampa msasa, akamwambia aanze na moyo, huenda wakaiwahi keki.

Msichana alisugua kwa bidii, kalamu ya wino mzito ikiwa imechomekwa nyuma ya sikio.