Mpaka Ulioifuata Brigade

Saa moja na nusu asubuhi Chérie alikuwa anapiga pasi suruali ya koloneli, filimbi ya bendera ikalia. Akaiweka pasi ya makaa juu ya tofali, akasimama wima. Katika barabara ya Shituru kila kitu kilisimama pia: mama wa mikate na beseni lake kichwani, gari la kiwanda, hata mbuzi wa jirani, ambaye alikwisha zoea. Bendera ikapanda. Filimbi ikalia tena, watu wakaendelea na safari zao, na Chérie akarudia mkunjo wa mguu wa kushoto. Koloneli Clovis alitaka mikunjo yake ikate kama kisu. Kitu kingine chenye makali hakikuwepo katika kikosi chake, brigade ile.

Alikuwa na miaka ishirini na moja. Shule aliishia darasa la sita, lakini mtu anayefua na kupiga pasi nguo za askari husoma mengine. Suruali za brigade zilichakaa matakoni. Magotini zilikuwa mpya.

Kwenye baraza hilohilo alilopigia pasi, sekretari wa brigade, Bertin, alikuwa anaandika historia. Jumamosi brigade ingetimiza miaka ishirini, na koloneli alitaka kitabu chenye picha yake mbele. Bertin alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila alichoandika, kama mtu anayeonja mchuzi, ndiyo maana Chérie aliijua historia nzima kabla haijachapwa.

Haikuwa ndefu. Brigade iliundwa kulinda mto Luwemba, ambao sisi tunasema ni wetu wote, watu wa ng'ambo wanasema ni wao wote, na samaki hawajaulizwa. Kwa miaka tisa brigade iliulinda mto kwa kuoga ndani yake. Kisha, mchana mmoja, askari watatu wa ng'ambo wakampiga risasi kanga wa porini. Brigade, watu mia sita, iliondoka kabla wali haujaiva. Kitabu kinaiita siku hiyo Kujipanga Upya kwa Kwanza. Waling'oa mlingoti wa bendera, wakaupakia kwenye lori, juu ya mlingoti magodoro, juu ya magodoro koloneli.

Siku hiyo Ajida Symphorien Kitenge, baba yake Chérie, alikuwa zamu mtoni, kwenye nguzo ya mpaka namba kumi na nne. Mlinzi haondoki zamuni mpaka aje askari mwenzake, amwambie neno la siri la siku, ampokee. Hakuna aliyekwenda kumpokea. Jioni, brigade ilipopumzika mbali kabisa na mto, wakahesabu watu, wakaona mmoja amepungua. Wakaandika kwamba ametoroka.

Hivyo katika kitabu, ukurasa wa tisa, kulikuwa na mstari mmoja: Brigade haikurudi nyuma hata hatua moja, na hakuna aliyeacha kazi yake, isipokuwa ajida mmoja mwoga aliyetoroka. Kwa mstari huo, ambao kabla ya kuandikwa ulisemwa tu midomoni, mama yake Chérie, Mama Germaine, alikaa miaka kumi na moja peke yake kwenye benchi la nyuma kanisani. Wake wa askari hawakutaka aguse vitambaa vyao. Chérie alitaka kitu kimoja tu, mstari ule utoke kabla ya Jumamosi.

Baada ya ile ya kwanza, brigade ilijipanga upya mara tano tena. Watu wa njiani wakaipa jina, Brigade Kinyumenyume. Ilikaa Koni misimu miwili ya mvua, kisha ikaja Likasi, ikaingia katika nyumba za zamani za reli kule Shituru. Kila iliposimama ilisimika bendera, na kila mwezi ikapeleka ripoti: Brigade iko kwenye mpaka. Ripoti mia moja thelathini na zaidi, zote na mihuri. Mpaka nao ni kitu cha karatasi tangu ulipozaliwa, huheshimu mihuri. Ulipoona imeandikwa hivyo, ulitoka mtoni ukaanza kuifuata brigade.

Ulifika Likasi Jumanne, saa sita mchana. Madereva wa Koni walikuwa wamekwisha sema kwamba uko njiani, unatembea mwendo wa mazishi na haupishi magari. Ulikuwa mstari wa tope wenye upana wa mkono mmoja, wenye harufu ya samaki, na katikati yake nguzo ya saruji namba kumi na nne. Ukakata barabara, ukaingia uani kwa Mama Germaine, ukalala kati ya mbabula yake ya makaa na choo. Majirani wakaja kuangalia kama utaharibu mihogo, wakaona hauharibu, wakarudi kwao.

Pamoja na nguzo alifika Ajida Kitenge. Alitembea kinyumenyume, kwa sababu amri ilikuwa atazame ng'ambo, na visigino vya buti zake vilikuwa vimekwisha. Shati lilikuwa na tundu kifuani, na katika tundu hilo, ukiinama kidogo, uliiona kamba ya nguo ya Mama Germaine iliyokuwa upande wa pili. Umri wake ulikuwa uleule wa siku ya kanga.

Mama Germaine akatoka jikoni, akamtazama mume wake mgongoni.

"Amekonda," akasema, akarudi kugeuza sombe, majani yake ya mihogo, zisije zikashika chini.

Chérie akasogea.

"Simama. Ni nani?"

"Ni minye, Chérie."

"Chérie eko mutoto ya miaka kumi."

"Ilipita miaka kumi na moja, papa."

Ajida akafikiri, bila kugeuka. "Njo maana miguu inauma. Neno ya siri?"

"Siko nayo. Niko na bukari na sombe."

"Bukari haiko neno ya siri," akasema baba yake. Chérie akairudisha jikoni sahani ya ugali.

Alasiri alikwenda kwa Bertin. "Sekretari, papa yangu eko kwetu kwa kiwanja. Eko zamu. Kuya umuone."

"Nilimuona nikipita," alisema Bertin. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mwandiko mzuri. "Nilimusalimia. Aliniuliza neno ya siri."

"Basi toa ule mustari."

"Nikitoa ule, Chérie, mingine yote itaanguka. Uliza koloneli."

Koloneli Clovis alikuwa anajaribu koti la sherehe. Lilikuwa na medali saba, moja ya mto, sita za kuuacha. Alimsikiliza Chérie mpaka mwisho, kwa kuwa kifungo cha tumboni kilikuwa kinakataa na hakuweza kwenda popote.

"Weye unataka nitume muntu akamupokee."

"Ndiyo, koloneli. Na ule mustari utoke."

"Nikituma muntu kumupokea, nitakuwa nimesema eko zamu. Kama eko zamu miaka yote hii, shiye tulikuwa wapi?"

"Mulikuwa njiani, koloneli."

Koloneli akajitazama kwenye kioo. "Mukunjo ya kuume imepinda," akasema. "Rudilia."

Chérie akarudilia. Asiyekuwa na haraka huona mengi, na yeye aliona daftari la zamani la zamu kwenye rafu ya Bertin. Akalifungua, akafuata mistari kwa kidole hadi siku ya kanga. Neno la siri lilikuwa chumvi kavu.

Jumatano na Alhamisi, kila askari aliyekuja kuchukua nguo zake alimwuliza kama angekwenda kumpokea baba yake. Neno analo, nyumba ni hatua mia mbili, na chakula kipo. Wa mwisho alikuwa Placide, kijana mwenye mabega mapana, fundi wa kuinua mlingoti.

"Yaya Chérie," alisema Placide kwa upole, kama anayesema na dada mkubwa, "ule akipokelewa, mwenye kumupokea anabakia pale."

"Ndiyo. Njo kazi."

"Lakini pale ni kwa mupaka."

"Najua ni kwa mupaka, Placide."

"Kwa mupaka banaweza kukupiga masasi," alisema Placide, akachukua shati lake, akaondoka akiwa amelikunja vizuri kwapani. Siku hizo mbili alizungumza na askari arobaini na mmoja wa brigade ya kulinda mpaka. Wote walimjibu hivyohivyo, na wawili walicheka.

Ijumaa akaenda mwenyewe.

"Simama. Ni nani?"

"Chumvi kavu."

Mabega ya ajida yakashuka kidogo. "Mulikawia," akasema. "Uko na bunduki?"

"Niko na pasi."

Akafikiri tena, kwa haki. "Pasi haitoshi. Lakini sogea."

Chérie akasogea, na kwa kuwa mlinzi havui nguo zamuni, akampiga pasi shati likiwa mwilini, mikono kwanza, kisha kola, akizunguka lile tundu. Hakuungua. Mama Germaine alisimama mlangoni akimwelekeza mahali palipobaki.

Jumamosi brigade ilijipanga chini ya bendera. Kulikuwa na hema, bia na sufuria nne za wali. Koloneli akasoma kitabu, kikiwa bado katika mwandiko wa Bertin, akafika ukurasa wa tisa, na sauti yake ilipanda kwenye maneno hata hatua moja. Wakati huohuo askari wawili wa ng'ambo walifika uani kwa Mama Germaine. Walikuwa wameufuata mpaka wao kwa wiki nyingi, miguu imewavimba, na walitaka maji ya kunywa.

"Simama. Ni nani?" alipaza sauti Ajida Kitenge.

Katika miaka ishirini ya brigade, hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa adui. Brigade ililisikia vizuri. Wale wawili hawajamaliza kujibu, Placide alikuwa ameng'oa mlingoti, magodoro yako juu ya lori, na koloneli yuko juu ya magodoro, koti limepasuka kwapa. Wakashika njia ya Kakanda. Kwa kuwa bendera ilikuwa bado inapepea juu ya mlingoti uliolala, watu wa barabarani walisimama wima kwa heshima mpaka ilipopotea kwenye kona. Kisha wakaenda kula wali.

Saa tisa mpaka ukainuka kuifuata brigade. Ajida akaanza kutembea kinyumenyume, macho kwa wale wawili. Wao wakampigia saluti, kwa kuwa katika brigade nzima ndiye pekee waliyemkuta, wakamfuata taratibu, kila mmoja na kikombe cha Mama Germaine mkononi. Chérie alitembea naye hadi mwisho wa nyumba za reli.

"Bananiandika?" aliuliza ajida.

"Banakuandika, papa."

"Ni muzuri," akasema.

Sasa mpaka uko Kakanda, umepita kati ya kanisa na mahali pa kuoshea mawe ya shaba. Wanawake wanaopeleka vitenge huko husema chumvi kavu, huinama chini ya mkono wa mlinzi, hupita. Aliyesahau hukumbushwa na aliye nyuma yake.

Kitabu kilichochapwa kilifika baada ya mwezi. Bertin alimletea Chérie nakala moja kwa mkono wa dereva, kwa sababu ya ile mikunjo iliyotoka vizuri kwenye picha. Mama Germaine alikuwa anapepea makaa. Hakujua kusoma.

"Banasema nini juu yake?"

Chérie akafungua ukurasa wa tisa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole hadi kwenye nukta. Hakuongeza wala hakupunguza.

Mama Germaine akapepea kidogo.

"Soma tena," akasema.

Akasoma tena. Ilikuwa vilevile.